Tani 30 kwa ekseli: kisa cha treni za chuma za Kiruna na Narvik

Treni ya chuma inapofika Riksgränsen, mpakani mwa Uswidi na Norwe, kazi ya dereva inageuka. Mpaka hapo alikuwa anavuta, kuanzia hapo anazuia. Mbele yake kuna kilomita 43 za mteremko hadi bandari ya Narvik. Nyuma yake kuna mabehewa 68, karibu mita 750 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila behewa limebeba tani 100 za vidonge vya chuma. Ukijumlisha na kichwa chenyewe, uzito unafika kama tani 8,600. Njia inaanza kushuka ikiwa mita 500 na ushei juu ya bahari na inamalizikia kwenye gati.

Kichwa kinachoshika mzigo huo kinaitwa IORE. Ni vichwa viwili vilivyounganishwa mgongo kwa mgongo, kila kimoja kikiwa na chumba cha dereva upande mmoja tu. Kwa pamoja vina kilowati 10,800, na kwa wanaozoea kuhesabu kwa farasi, hizo ni zaidi ya nguvu farasi 14,000. Ni miongoni mwa vichwa vya umeme vyenye nguvu kuliko vyote duniani, na picha zake kwenye theluji, vikiwa na moshi mweupe wa barafu unaoruka kando ya magurudumu, zimezunguka sana. Wengi huishia kwenye picha na namba hiyo ya kilowati. Mimi naona kisa chenyewe kiko kwenye namba nyingine, isiyo na mvuto hata kidogo: tani 30. Huo ndio uzito ambao kila ekseli, yaani kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, inaruhusiwa kuuweka juu ya reli. Kabla ya hapo ilikuwa tani 25. Uamuzi wa kuongeza tani hizo tano, uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990, ndio uliozaa kichwa hiki, mabehewa yake, faida yake na sehemu ya matatizo yake.

Kwanza mahali penyewe. Kiruna iko Uswidi, kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, kwenye ardhi ya Wasami ambao hadi leo wanachunga kulungu wa Aktiki pande zote mbili za reli. Pembeni ya mji kuna mlima Kiirunavaara, na chini yake kuna mojawapo ya migodi mikubwa ya chuma iliyoko chini ya ardhi duniani. Kampuni ya LKAB, iliyoanzishwa mwaka 1890 na leo mali ya serikali ya Uswidi, ndiyo inayochimba. Jiwe lake ni magnetaiti, chuma kinachovutwa na sumaku, ambacho husagwa, husafishwa na kufinyangwa kuwa vidonge vidogo vya duara kabla ya kupakiwa. Uchimbaji umeuvuruga udongo wa juu kiasi kwamba mji wenyewe unahamishwa kidogo kidogo. Mwezi Agosti 2025 kanisa lake la mbao lilibebwa zima zima juu ya magari maalumu kwa umbali wa kilomita tano.

Chuma cha Kiruna kina njia mbili za kwenda baharini. Upande wa kusini-mashariki kuna Luleå, kwenye ghuba ambayo maji yake huganda majira ya baridi. Upande wa magharibi kuna Narvik, ambako mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huifanya fiodi, yaani ghuba ndefu na nyembamba iliyo kati ya milima, isigande mwaka mzima, ingawa iko kaskazini zaidi kuliko Luleå. Kampuni ya Kiingereza iliwahi kujaribu kujenga reli kufika huko ikafilisika mwaka 1889. Serikali za Uswidi na Norwe zikamalizia kazi. Treni zilianza kupita mwaka 1902, na Mfalme Oscar II akaifungua reli rasmi Julai 1903. Kwa sababu ya chuma hiki Narvik ilivamiwa na Ujerumani Aprili 1940, na manowari za Uingereza na Ujerumani zikapigana ndani ya fiodi yenyewe. Daraja la Norddalen, kwenye mteremko ninaouzungumzia, wanajeshi wa Norwe walijaribu kulilipua ili adui asilitumie. Halikuanguka. Reli iliondolewa kwenye daraja hilo mwaka 1988 na lenyewe limebaki pale kama kumbukumbu.

Umeme uliingia mapema kuliko mtu angetegemea mahali pa mbali hivyo. Mwaka 1915 sehemu ya Kiruna hadi Riksgränsen ilikuwa inatumia umeme, na upande wa Norwe ulifuata mwaka 1923. Sababu ilikuwa ya kiuchumi kabisa: Uswidi haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha, ilikuwa inayanunua nje, lakini ilikuwa na mito. Kituo cha Porjus kwenye mto Lule kilijengwa kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya reli hii. Mota za wakati ule zilitoa cheche mbaya kwenye brashi zake kama umeme ungegeuka haraka, kwa hiyo walichagua umeme unaogeuka polepole. Mpaka leo nyaya za juu pale zina kilovoti 15 na mizunguko 16.7 kwa sekunde, wakati umeme wa nyumbani una mizunguko 50. Inabidi kuwe na vituo vya kuubadilisha kati ya gridi ya taifa na reli. Jambo hilo nitalirudia, kwa sababu limebeba faida ambayo wale wajenzi wa 1915 hawakuwa wameikusudia.

Sasa tufike kwenye tatizo. Katika miaka ya 1990 kazi ilikuwa mikononi mwa vichwa vya Dm3, vilivyotengenezwa na ASEA ya Uswidi kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Dm3 ilikuwa na sehemu tatu, ya kati haina chumba cha dereva, na mota zake zilizungusha magurudumu kwa mikono mirefu ya chuma inayopanda na kushuka kama ya injini ya mvuke. Ilikuwa na kilowati 7,200 na ilivuta mabehewa 52 ya tani 80 za mzigo. Ni mashine iliyofanya kazi kwa heshima kubwa. Lakini ilikuwa imezeeka, na bei ya chuma duniani ilikuwa inaibana kampuni: wachimbaji wa Australia na Brazili wanachimba juu ya ardhi na kusafirisha kwa treni ndefu mno, wakati Kiruna inachimba chini kabisa na kupitisha mzigo kwenye njia moja tu ya reli inayopanda milima.

Hapo kulikuwa na mambo manne ya kufikiriwa. Kuongeza idadi ya treni kulikuwa kugumu, kwa sababu njia ni moja na treni hupishana kwenye stesheni zenye reli ya pembeni. Ukishajaza nafasi hizo, treni ya ziada inazisubirisha nyingine zote. Kuongeza mwendo hakusaidii sana treni nzito inayopishana na wenzake kila baada ya kilomita chache. Kurefusha treni kulitaka kurefushwa kwa reli za kupishania, ambazo zilikuwa zimepimwa kwa treni ya zamani. La nne lilikuwa kuongeza uzito kwa kila ekseli.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la nne, kwa sababu hesabu yake ni nzuri na mtu yeyote anaweza kuifanya. Behewa lina ekseli nne. Kwa tani 25 kila moja, behewa lililojaa lina tani 100. Behewa tupu lina kama tani 20, kwa hiyo mzigo ni 80. Panda hadi tani 30: behewa lililojaa linakuwa na tani 120. Ukiweza kulitengeneza kwa ustadi libaki na zile tani 20 za chuma chake, mzigo unakuwa 100. Umeongeza uzito juu ya reli kwa asilimia 20, umepata mzigo zaidi kwa asilimia 25. Kila tani iliyoongezwa imekwenda kwenye bidhaa inayouzwa. Hakuna iliyopotea kwa kubeba bati na magurudumu.

Walifanya yote mawili pamoja, wakaongeza uzito wa ekseli na urefu wa treni. Treni ya Dm3 ilipeleka tani 4,160 za chuma kwa safari moja (52 mara 80). Treni mpya inapeleka tani 6,800 (68 mara 100). Mzigo uliohitaji treni nane sasa unakwenda kwa treni tano, na reli ni ileile moja.

Lakini hesabu hiyo nzuri ilikuwa na mlango mgumu. Reli, madaraja na matuta ni vya serikali mbili, Uswidi na Norwe, kila moja na mamlaka yake ya reli na bajeti yake. Vichwa na mabehewa ni vya kampuni. Kampuni ikinunua kichwa cha ekseli za tani 30 halafu upande wa Norwe ukabaki tani 25, pesa imetupwa. Serikali ikiimarisha madaraja na kampuni isinunue mabehewa, ni hivyohivyo. Na huwezi kuimarisha nusu ya njia ukaanza kuvuna nusu ya faida, kwa sababu treni inapaswa kufika gatini. Kwa maoni yangu makubaliano haya ya pande tatu yalikuwa kazi ngumu kuliko kutengeneza kichwa chenyewe. Matuta yaliimarishwa, madaraja yakapimwa upya na mengine kurekebishwa, reli za kupishania zikarefushwa ili treni ya mita 750 iweze kusimama ndani yake bila mkia kubaki kwenye njia kuu.

Mwaka 1998 ndipo vichwa vikaagizwa, vichwa pacha tisa kwanza, kutoka Adtranz, kiwanda chake cha Kassel nchini Ujerumani. Cha kwanza kilifika mwaka 2000. Adtranz ikanunuliwa na Bombardier, vingine vikaagizwa katika awamu mbili zaidi, na mwishowe vikawa vichwa pacha 17. Kila nusu imepewa jina la mahali palipo kando ya reli hiyo. Baadhi ya mabehewa ya kwanza ya aina mpya yalitoka Afrika Kusini, nchi yenye uzoefu wake mkubwa wa treni nzito za madini. Baadaye mengi yakatengenezwa palepale Kiruna. Dm3 za mwisho zilipumzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Uzito wa IORE ni tani 360, ekseli 12, tani 30 juu ya kila moja, yaani kikomo kamili. Tumezoea kudhani kwamba mhandisi hupambana kupunguza uzito wa chombo. Hapa walipambana ukae palepale kwenye kikomo, kwa sababu kichwa cha treni hakivuti kwa mota peke yake, kinavuta kwa kushikana kwa gurudumu na reli, chuma juu ya chuma, pande zinazogusana ukubwa wa sarafu. Kichwa chepesi chenye mota kubwa kitasaga reli papo hapo bila kusogea. IORE inaweza kuanza kuvuta kwa kani ya kilonyutoni 1,200, sawa na kunyanyua tani 120 hivi moja kwa moja juu. Gawanya kwa uzito wake na utaona kwamba inadai theluthi moja ya uzito wake igeuke kuwa mvuto. Kwenye reli kavu ya mchana wa kiangazi hilo si dogo. Kwenye reli yenye umande ulioganda ni jambo la kudaiwa kwa akili. Kila ekseli ina mota yake ya kilowati 900, na mitambo ya kielektroniki inasikiliza gurudumu likianza kuteleza na kupunguza nguvu kabla halijasaga, huku mchanga ukinyunyizwa mbele ya gurudumu kama ilivyofanyika tangu enzi za mvuke.

Kazi kubwa ya kuvuta iko upande wa Uswidi. Kutoka Kiruna njia inashuka kuelekea ziwa Torneträsk, inapita kando yake hadi Abisko, kisha inapanda tena kuelekea mpakani. Mwinuko kwa treni zilizojaa umewekewa kikomo cha mita 10 kwa kila mita 1,000 za mwendo. Mwenye baiskeli asingeuona. Lakini kwa tani 8,600, mwinuko huo peke yake unavuta nyuma kwa kilonyutoni 840 hivi, kabla hujaweka msuguano wa magurudumu na upepo. Kwa hiyo treni ikisimama katikati ya mlima huo usiku wa nyuzi 30 chini ya sifuri, dereva ana akiba kidogo tu ya kuianzisha tena. Akiba hiyo ndiyo iliyonunuliwa mwaka 1998. Hata kiungo kati ya behewa na behewa kilipaswa kuendana nayo. Ule mnyororo wa skrubu unaotumika Ulaya ungekatika, ndiyo maana treni hizi zinatumia kiungo cha kati cha aina ya SA-3, kilichotoka Urusi.

Na sasa mteremko.

Chukua tani 8,600, zishushe mita 520. Nguvu inayoachiliwa ni kama yuniti 12,000 za umeme, zilezile yuniti tunazonunua kwa LUKU. Nyumba inayotumia yuniti 75 kwa mwezi ingekaa nazo zaidi ya miaka 13. Katika treni ya dizeli ya kawaida nguvu hii yote inakwenda kuchoma viatu vya breki na kupasha hewa joto. IORE inafanya kinyume. Dereva anapovuta mkono wa breki ya umeme, mota 12 zinageuka kuwa jenereta: magurudumu yanazizungusha, zinazalisha umeme, na umeme unapanda kwa pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaogusa nyaya, kurudi kwenye nyaya za juu. Kiasi fulani kinapotea kwenye msuguano na kwenye mitambo, lakini kilichobaki ni kingi.

Kinakwenda wapi? Mara nyingi kinakwenda kwa treni inayokuja. Mabehewa matupu yanarudi Kiruna, na treni tupu ina kama tani 1,720, yaani tani 20 mara 68 pamoja na kichwa. Ni sehemu moja ya tano ya uzito wa treni iliyojaa. Kwa hiyo kuipandisha kunahitaji kama sehemu moja ya tano ya nguvu iliyoachiliwa na ile iliyoshuka. Treni iliyojaa inalipa nauli ya kurudi ya mwenzake na chenji inabaki. Chenji hiyo inapitia vile vituo vya kubadilisha umeme nilivyovitaja na kuingia kwenye gridi, ikawashe taa za watu. Mlima ndio unaotoa nguvu, na malipo yake ni chuma kinachoondoka mlimani bila kurudi.

Hapa napenda tuwe waangalifu, kwa sababu nimeona habari hii ikielezwa kama muujiza. Si mashine ya kujizalishia umeme bure. Inawezekana kwa sababu tatu zilizokutana: mgodi uko juu na bandari iko chini, mzigo unakwenda upande mmoja tu, na reli ina nyaya za umeme zenye uwezo wa kupokea unachorudisha. Ondoa moja na hesabu inaharibika. Treni zilezile kati ya Malmberget, mgodi mwingine wa LKAB, na Luleå zina mteremko wa taratibu zaidi, na faida yake si ya kiwango kile.

Tena breki ya umeme haitoshi peke yake. Sehemu kali za mteremko wa Norwe zinashuka mita 17 kwa kila mita 1,000. Hapo treni iliyojaa inasukuma kwa kilonyutoni zaidi ya 1,400, kuliko hata kile kichwa kinachoweza kuvuta kikiwa kimesimama. Ni lazima breki za upepo za mabehewa zisaidie. Breki za upepo katika treni ya mita 750 zina tabia zake: hewa inasafiri ndani ya bomba kutoka behewa hadi behewa, kwa hiyo mkia haushiki pamoja na kichwa, na unyevunyevu ndani ya bomba unaganda kwenye baridi. Dereva wa treni hizi hupimwa kwa jinsi anavyochanganya breki hizi mbili: umeme ukichukua kadiri unavyoweza, upepo ukijazia, na akibaki na hewa ya kutosha ya kusimama kabisa pakitokea jambo. Theluji ikiwa nzito, barafu inajipenyeza kati ya kiatu cha breki na gurudumu, na lazima aigonge breki kidogo mapema ili ipate joto kabla haijahitajika kweli.

Chini, Narvik, mabehewa hupita polepole yakifungua matumbo yake. Vidonge vinamwagika kwenye maghala yaliyochimbwa ndani ya mwamba, kisha vinapelekwa melini.

Nimesema uamuzi wa tani 30 ulizaa pia matatizo. Uzito huo unailipiza reli. Panapogusana gurudumu na reli, chuma kinabonyezwa mamilioni ya mara hadi uso wake unaanza kutoa nyufa ndogo kama nywele, zaidi kwenye kona. Zikiachwa, zinazama ndani na reli inakatika. Dawa ni kusaga uso wa reli kila mara ili kuondoa tabaka lililochoka, kutumia chuma kigumu zaidi kwenye kona, na kuchonga magurudumu yalingane na umbo la reli. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Luleå kimeifanya reli hii kuwa maabara yake kwa miaka mingi. Baridi inaongeza makali: reli inanywea, inavutika yenyewe kwa yenyewe, tuta lililoganda halinesi tena, na gurudumu lenye kasoro ndogo linaipiga reli kama nyundo.

Tarehe 17 Desemba 2023, katikati ya wiki ambazo jua halichomozi kabisa Kiruna, treni ya chuma iliacha reli upande wa Uswidi, kati ya Kiruna na mpaka. Kilomita 15 hivi za njia ziliharibika. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza niliirudia, kwa sababu ajali ya treni tunaifikiria kama mahali, si kama umbali wa kutembea kwa miguu nusu siku kwenye theluji. Lakini ndivyo treni nzito inavyoweza kufanya. Gurudumu la behewa la katikati likitoka nje ya reli na behewa likabaki wima bila kupinduka, linaburutwa likikanyaga mataruma moja baada ya jingine, na dereva aliye mamia ya mita mbele, akiwa na nguvu nyingi hivyo mkononi, anaweza asihisi chochote. Nguvu ileile inayoifanya treni ipande mlima inaifanya isione kizuizi.

Njia ilifungwa miezi miwili. Mataruma, kokoto na reli zilipelekwa katika giza na theluji, mahali ambapo pengine njia rahisi ya kufika ni reli yenyewe iliyoharibika. Treni zilianza kupita tena tarehe 20 Februari 2024. Tarehe 24 Februari, siku nne tu baadaye, treni nyingine ya chuma iliacha reli, na njia ikafungwa tena hadi Machi.

Kwa muda wote huo vidonge vilirundikana mgodini. Njia ya Luleå iliendelea, lakini haiwezi kubeba mzigo wa Narvik juu ya mzigo wake. Hasara haikuishia kwa kampuni ya chuma. Narvik inapata sehemu kubwa ya vyakula na bidhaa zake kwa treni za makontena zinazotoka Oslo na kuzunguka kupitia Uswidi, kwa sababu reli ya Norwe yenyewe haifiki huko. Treni hizo zinapita njia hiyohiyo moja. Maduka ya kaskazini ya Norwe yakalazimika kutegemea malori, katika barabara za baridi ile.

Nadhani hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu kuhukumu. Mtu anaweza kusema tani 30 zilikuwa nyingi mno. Mimi sikubali. Kwa karibu miaka 25 reli hii imebeba uzito huo, na imefanyiwa hata majaribio ya tani 32.5. Kosa ninaloliona ni la upande mmoja wa hesabu. Uzito wa treni uliongezwa, urefu ukaongezwa, kila safari ikawa na thamani zaidi, lakini njia ya pili haikujengwa. Wakati wa Dm3, treni moja ikikwama ilizuia tani 4,160. Leo inazuia 6,800, na kila inayofuata nyuma yake vilevile. Uokoaji uliotokana na treni chache zenye mzigo mkubwa ulipaswa, angalau kwa sehemu, kurudi kwenye tuta: vipima magurudumu vingi zaidi kando ya njia vya kukamata gurudumu bovu kabla halijafika mahali pa kuua reli, vifaa vya akiba vilivyokaa tayari, na nafasi zaidi za kupishana. Uswidi ina vipimo hivyo vya kando ya njia. Swali ni kimoja kiko umbali gani na kingine, kwa treni inayoweza kuburuta gurudumu kilomita 15.

Wasomaji wa kwetu wana sababu ya kulitazama hili kwa karibu. Katanga ilianza kuvuta shaba yake kwa umeme tangu mwaka 1952, kati ya Likasi na Tenke. Tanzania ilizindua rasmi SGR ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 1 Agosti 2024, yenye kilovoti 25 na mizunguko 50, na imesanifiwa kwa tani 35 kwa ekseli. Hiyo ni tano zaidi ya Kiruna. Kwa umeme wa mizunguko 50, treni inayoshuka inaweza kurudisha nguvu kwenye gridi bila kuupitisha kwanza kwenye kituo cha kubadilisha mizunguko, mradi kituo cha kupoozea umeme kimejengwa kwa kuupokea. Namba ya 35 ni ya usanifu. Itakuwa na maana siku kutakapokuwa na behewa la mizigo linaloitumia yote, kichwa kilichotengenezwa kizito makusudi kwa ajili yake, reli za kupishania zinazolitosha treni hilo, na mashine ya kusagia reli inayopita kwa ratiba hata mwaka ambao hakuna ufa ulioonekana.

Kule kaskazini treni zinapita tena. Kwenye stesheni ya kupishana treni tupu inasimama pembeni ikingoja, pantografu zake juu. Ile iliyojaa inapita ikishuka, behewa baada ya behewa, dakika nzima na zaidi. Taa inageuka kijani, na ile tupu inaanza kupanda kwa umeme ambao mwenzake anaendelea kuuzalisha huko chini.